Marian Rejewski: Aliyeijua siri ya mtungi bila kuwa kata

Wahenga walituachia neno kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata huijua kwa sababu huzama ndani, ikagusa chini, ikatoka imelowa. Lakini katika karne iliyopita alitokea mtu mmoja aliyeijua siri ya mtungi bila ya kuzama ndani, bila ya kuuona, wala kuugusa. Mtu huyo ni Marian Rejewski, mwanahisabati wa Poland, na mtungi wenyewe ni mtambo wa siri wa jeshi la Ujerumani ulioitwa Enigma.

Kabla ya kuingia katika maisha yake, tumchukue msomaji kwanza mpaka bara, katika nchi za Embu na Meru. Sisi watu wa pwani nchi hizo twazijua kwa miraa na muguka vishukavyo Mombasa kila siku kwa magari ya mbio. Lakini mtu akiifuata barabara izungukayo Mlima Kenya kwa upande wa mashariki, kutoka Embu kupita Chuka hata afike Meru, atakuta na vibanda vya mafundi wa simu, redio na kompyuta. Humo ndani kitu kilichokufa hakitupwi. Hufunguliwa, kikatolewa kila kilicho na uhai, na uhai huo ukatiwa kwengine.

Mfikirie fundi wa huko aliyepata kibodi ya laptopu iliyovunjika. Kompyuta yenyewe imekufa, ila vibonye vya kuandikia ni vizima, naye anataka kuvitumia katika mtambo mwingine. Hana mchoro wa waya zake. Mbele yake pana utepe mwembamba wenye njia za umeme kiasi cha ishirini na nne au zaidi, na vibonye vyapita themanini. Basi njia ni chache na vibonye ni vingi. Je, kila kibonye chapitia wapi?

Jawabu ni kwamba vibonye vimepangwa kama nyuzi za mkeka. Ziko njia zinazokwenda marefu na nyingine zinazokwenda mapana, na kila kibonye kimekaa pale zinapokatana njia mbili. Njia nane zikikatana na kumi na sita, hupatikana makutano 128, nayo yatosha na kubakia. Fundi hubonyeza herufi moja, akapitisha ncha za mita yake juu ya utepe mpaka asikie mlio, akaandika namba za njia mbili zilizokutana. Kisha huchukua herufi ya pili, na ya tatu. Baada ya muda huanza kuona jambo: njia fulani na fulani hazikutani kamwe, kwa hiyo hizo ni ndugu wa upande mmoja. Akifika hapo, huwa ameanza kuisoma akili ya yule aliyeitengeneza kibodi.

Kazi hiyo yataka subira, nayo ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini fundi wetu ana kibodi mkononi na mita mezani. Marian Rejewski hakuwa na kimoja wala kingine. Alikuwa na karatasi, kalamu, na herufi zisizosomeka zilizodakwa hewani kwa redio. Kwa hizo akazijua waya za mtambo aliofichwa, akaziandika moja moja, naye hakukosea.

MTOTO WA BYDGOSZCZ

Rejewski alizaliwa tarehe 16 Agosti 1905 katika mji uitwao Bydgoszcz. Wakati huo Poland haikuwako katika ramani ya dunia. Nchi ilikuwa imegawanywa na majirani zake watatu, Urusi, Ujerumani na Austria, na mji huo ulikuwa chini ya Wajerumani, nao waliuita Bromberg. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku. Marian alisoma katika shule iliyofundisha kwa Kijerumani, hata akaijua lugha ya mtawala sawasawa na lugha ya mama yake.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Wazee wetu nao walisomeshwa kwa lugha za waliowatawala, na mara nyingi lugha iliyokusudiwa kumtiisha mtu ikageuka kuwa silaha mkononi mwake. Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana huyu. Poland ilipopata uhuru wake mwaka 1918, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwaka 1923 alimaliza shule, akaingia Chuo Kikuu cha Poznań kusoma hisabati.

Mwanzoni mwa mwaka 1929, karibu na kumaliza masomo yake, aliitwa pamoja na wanafunzi wenzake kadhaa waliojua Kijerumani. Waliambiwa kwamba jeshi litawafundisha kwa siri elimu ya kufumbua maandishi yaliyofichwa. Masomo yalikuwa usiku, na wengi walishindwa au waliacha. Waliobakia wakawa hodari watatu: Rejewski mwenyewe, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski. Majina hayo matatu hayatatengana tena katika hadithi hii mpaka mauti yayatenganishe.

Rejewski alikwenda kwanza Göttingen, Ujerumani, kusoma hesabu za bima. Akarudi mwaka 1930, akafundisha chuoni Poznań huku akifanya kazi ya siri kwa saa chache. Tarehe ya kwanza ya Septemba 1932 wote watatu walihamia Warsaw, makao makuu, wakawa wafanyakazi kamili wa Ofisi ya Maandishi ya Siri.

ELIMU YENYE ASILI YA KALE

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana elimu ya kufumbua maandishi ya siri haikuzaliwa Ulaya. Katika karne ya tisa, mjini Baghdad, mwanafalsafa wa Kiislamu Abu Yusuf Yaqub bin Ishaq al-Kindi aliandika risala juu ya jambo hilo hilo. Alionyesha kwamba katika kila lugha ziko herufi zinazotokea mara nyingi na nyingine mara chache. Basi mtu akihesabu alama za barua ya siri, ile inayozidi nyingine kwa wingi itakuwa imesimama badala ya herufi iliyo nyingi katika lugha hiyo. Kwa hesabu tu, pazia hufunguka. Hiyo ndiyo risala ya kale kabisa ijulikanayo katika fani hii.

Njia ya al-Kindi ilitumika kwa miaka zaidi ya elfu moja. Mtambo wa Enigma ulitengenezwa kwa makusudi ya kuiua njia hiyo. Ulibuniwa na Mjerumani Arthur Scherbius, aliyeomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1918. Kwa nje ulifanana na taipu ndogo ndani ya sanduku la mbao. Ulikuwa na vibonye 26 vya herufi na, juu yake, taa 26 ndogo, kila taa na herufi yake. Karani alibonyeza A, na mahali pa A ikawaka, mathalani, taa ya R. Akibonyeza A mara ya pili, ikawaka taa nyingine kabisa.

Siri ilikuwa ndani. Umeme ulitoka katika kibonye, ukapita katika ubao wa plagi uliobadilishana baadhi ya herufi, ukaingia katika magurudumu matatu yaliyojaa waya zilizosukwa shaghalabaghala. Ukafika mwisho, ukarudishwa kwa njia nyingine kupitia magurudumu yale yale, ndipo ukawasha taa. Na kila kibonye kilipobonyezwa, gurudumu la kwanza lilizunguka hatua moja, kwa hiyo njia yote ikabadilika. Kuhesabu herufi zilizo nyingi hakukusaidia kitu, maana hapakuwa na herufi iliyosimama mahali pamoja hata kwa nukta moja.

Waingereza na Wafaransa waliutazama mtambo huo wa jeshi wakaona hauwezekani. Wapoland hawakuwa na nafasi ya kukata tamaa. Nchi yao ilikuwa imebanwa baina ya Ujerumani na Urusi kama kidole baina ya mlango na fremu yake. Nchi ndogo iliyo mahali kama hapo, isipojua jirani anasema nini, huamka siku moja ikakuta haiko.

KOSA LA KURUDIA MANENO

Mwishoni mwa mwaka 1932 Rejewski alipewa kazi hiyo peke yake. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Alianza na jambo dogo. Kila siku makarani wote wa Kijerumani waliiweka mitambo yao katika hali moja iliyoandikwa katika kitabu chao cha funguo. Kisha kila karani alijichagulia herufi tatu za kuanzia barua yake. Herufi hizo aliziandika mara mbili, kwa kuchelea redio isizipoteze moja. Basi kila barua ilianza na herufi sita, na Rejewski akatambua kwamba ya kwanza na ya nne zimetokana na herufi moja, vivyo hivyo ya pili na ya tano, na ya tatu na ya sita.

Wajerumani walidhani wanajilinda na makosa. Kumbe kurudia kwao ndiko kulikokuwa ufa katika ukuta.

Rejewski alichukua barua za siku moja, kiasi cha sitini au zaidi, akazipanga. Tuseme barua moja imeanza na A na herufi ya nne ni F. Nyingine imeanza na F na ya nne ni K. Ya tatu imeanza na K na ya nne ni A. Hapo amepata duara: A, F, K, kisha A tena. Akaendelea hivyo mpaka herufi zote 26 zikaingia katika maduara, mengine makubwa, mengine madogo. Akaona pia kwamba maduara hutokea wawili wawili, kila moja na mwenziwe wa urefu ule ule.

Kulikuwa na tawi la hisabati lililohusu mambo haya ya kupangua na kupanga, ambalo kwa wakati huo watu walilihesabu kuwa ni elimu ya kupendezesha akili tu. Rejewski alilitumia kuandika milinganyo sita, aljebra ile ambayo jina lake lenyewe limetoka katika kitabu cha al-Khwarizmi wa Baghdad. Katika milinganyo hiyo waya za magurudumu ndizo zilizokuwa vitu visivyojulikana, navyo vilikuwa vingi mno.

Msaada ukaja kutoka upande usiotazamiwa. Mjerumani mmoja mwenye tamaa ya fedha, Hans-Thilo Schmidt, aliwauzia Wafaransa karatasi za siri za jeshi lake. Afisa wa Kifaransa Gustave Bertrand akawapa Wapoland. Humo mlikuwa na funguo za kila siku za miezi miwili, Septemba na Oktoba 1932. Hazikuonyesha waya za ndani, ila zilionyesha jinsi plagi zilivyochomekwa. Kwa hiyo Rejewski akaweza kuutoa ubao wa plagi katika milinganyo yake, na mzigo ukapungua.

Hata hivyo milinganyo haikukubali. Kila akikokotoa, hesabu zilitoka upuuzi.

WAYA ZA KIBODI

Kilichomkwamisha ni kile kile kinachomkwamisha fundi wetu wa Meru: namna vibonye vilivyofungwa. Kutoka katika kibodi, waya 26 zilikwenda kwenye sahani iliyoupokea umeme kabla ya magurudumu. Je, zilifungwa kwa utaratibu gani? Mtambo wa Enigma uliouzwa madukani kwa wafanyabiashara ulijulikana. Huo ulifuata mpango wa vibonye vyenyewe: Q kwanza, kisha W, E, R, T, Z na U, kama zilivyo katika taipu ya Kijerumani. Rejewski alichukulia kwamba na wa jeshi umefungwa vivyo. Hapo ndipo alipopotea, akapoteza siku nyingi.

Kuna namna za kuzipanga waya 26 zisizoweza kuhesabika kwa vidole wala kwa umri wa mtu. Lau Wajerumani wangezipanga ovyo, huenda hadithi hii isingekuwako. Rejewski akaacha hesabu kwa muda, akamfikiria mwanadamu aliyeifunga mashine ile. Mjerumani wa jeshini hupenda mambo yaliyonyooka. Je, haikuwezekana kwamba amezifunga kwa utaratibu anaoujua mtoto wa darasa la kwanza, A ikaenda kwa A, B kwa B, C kwa C, mpaka mwisho?

Akajaribu. Milinganyo ikafunguka kama mlango uliotiwa ufunguo wake, na namba za waya za gurudumu la kwanza zikamiminika kutoka kalamuni.

Bahati nyingine ikafuata. Wajerumani wa wakati huo walibadilisha mpangilio wa magurudumu kila baada ya miezi mitatu. Septemba na Oktoba zilikuwa katika robo mbili mbalimbali za mwaka, kwa hiyo mahali pa kwanza palikuwa na gurudumu jingine katika mwezi wa pili. Basi karatasi zile zikampa magurudumu mawili badala ya moja. Lililobakia akalipata kwa kukokotoa, pamoja na kile kipande cha mwisho kilichorudisha umeme. Mwaka 1932 ulipokwisha, mtambo wote ulikuwa juu ya karatasi. Januari 1933, mwezi ule ule Hitler alioshika serikali ya Ujerumani, barua za jeshi lake zilianza kusomwa Warsaw.

Różycki na Zygalski waliletwa kumsaidia. Karakana ya AVA ya Warsaw ikatengeneza mitambo iliyofanana na ule ambao hakuna hata mmoja wao aliyepata kuufungua.

MBIO ZA PANYA NA PAKA

Mwaka 1934 Rejewski alimwoa Irena Lewandowska, na Mungu akawajaalia watoto wawili, Andrzej aliyezaliwa mwaka 1936 na Janina mwaka 1939. Mkewe alijua kwamba mumewe ni mfanyakazi wa serikali. Zaidi ya hapo hapakuwa na la kuambiwa.

Kazini, kila Wajerumani walipoziba ufa, Wapoland walitafuta mwingine. Rejewski alitengeneza chombo cha kupima urefu wa yale maduara, na kwa chombo hicho wakaandika kadi moja kwa kila hali ya magurudumu. Zilikuwa hali 105,456. Kazi hiyo iliwachukua zaidi ya mwaka mmoja. Walipomaliza, Wajerumani walibadilisha kipande cha kurudisha umeme, mwezi Novemba 1937, na kadi zote zikawa takataka. Wakaanza upya.

Septemba 1938 Wajerumani walibadilisha utaratibu wa funguo. Rejewski akabuni mashine iliyounganisha mitambo sita ya Enigma ikatafuta ufunguo yenyewe, nayo wakaiita bomba. Zygalski naye akabuni karatasi zilizotobolewa matundu, zikawekwa moja juu ya nyingine mpaka mwanga upenye mahali pamoja. Desemba ya mwaka huo magurudumu yakaongezwa kutoka matatu mpaka matano. Mtambo ulipokea matatu tu kwa wakati mmoja, lakini namna za kuyapanga ziliruka kutoka sita hadi sitini. Waya za mapya hayo wakazijua pia, ila kuzitafuta funguo kila siku kulihitaji mashine na watu mara kumi. Nchi haikuwa na fedha hizo, na vita vilikuwa vinabisha hodi.

Tarehe 25 na 26 Julai 1939, katika msitu wa Pyry karibu na Warsaw, Wapoland waliwaita Waingereza na Wafaransa, wakawafunulia yote. Miongoni mwa wageni alikuwamo Mwingereza Dilly Knox, bingwa mkubwa wa fani hii, aliyekuwa amehangaika na Enigma kwa muda mrefu. Jambo la kwanza alilotaka kujua lilikuwa lile lile: waya za kibodi zimefungwaje? Alipoelezwa kwamba ni A kwa A na B kwa B, alikasirika kuona kwamba kilichomshinda ni kitu chepesi kiasi kile. Wageni wakapewa mitambo miwili ya mfano, mmoja wa London na mmoja wa Paris. Wa London ulifika tarehe 16 Agosti 1939, siku Rejewski aliyotimiza miaka thelathini na minne.

Wiki mbili baadaye Ujerumani iliivamia Poland.

UHAMISHONI

Rejewski aliondoka Warsaw pamoja na ofisi yake siku za mwanzo za Septemba, akamwacha nyuma mke, mtoto wa miaka mitatu na mchanga wa miezi michache. Yeye na wenzake wawili walivuka mpaka kuingia Romania. Mjini Bucharest walibisha kwanza ubalozi wa Uingereza, lakini watu walikuwa wengi wakaambiwa warudi baadaye. Ubalozi wa Ufaransa ukawapokea. Hivyo watu waliotoa siri kubwa kuliko zote kwa Waingereza wakaishia Ufaransa.

Huko walifanya kazi katika jumba karibu na Paris. Januari 1940 alifika kuwatembelea kijana wa Kiingereza, Alan Turing, ambaye baadaye jina lake lilivuma dunia nzima. Turing alijenga juu ya msingi alioukuta, akabuni bomba jingine lenye nguvu zaidi. Ukubwa wake haupunguzwi na kusema kwamba kabla yake walitangulia wengine.

Ufaransa ilipoanguka Juni 1940, walipelekwa Aljeria, kisha wakarudishwa kwa siri kusini mwa Ufaransa. Baadhi yao walikuwa wakienda na kurudi Algiers kwa zamu. Tarehe 9 Januari 1942 meli ya Lamoricière ilizama karibu na visiwa vya Balearic katika Bahari ya Kati, na Jerzy Różycki alikuwa ndani. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Watatu wakabaki wawili.

Mwaka huo huo vita vya maandishi ya siri vilifika mpaka kwetu. Wajapani waliposhambulia Colombo mwezi Aprili 1942, wafumbuaji wa jeshi la majini la Uingereza waliletwa Mombasa, Kilindini, wakawekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram. Hapo, juu ya bahari yetu hii, walisoma maandishi ya siri ya Wajapani, zikiwamo barua za meli zao za biashara, mpaka waliporejea Colombo mwaka 1943. Wapwani wa siku hizo walipita mbele ya jengo wasijue lililomo. Siri za namna moja na ya Rejewski zilikuwa zikivunjwa nyuma ya madirisha yale.

Novemba 1942 Wajerumani waliingia Ufaransa ya kusini. Rejewski na Zygalski walijificha, wakihama nyumba hadi nyumba. Tarehe 29 Januari 1943, usiku, walipanda milima ya Pyrenees kuelekea Hispania. Kiongozi waliyemwajiri akawatolea bastola njiani, akawapora fedha zilizobakia. Walipovuka walikamatwa, wakafungwa kwa miezi mitatu. Hatimaye walipitia Ureno na Gibraltar wakafika Uingereza mwezi Agosti 1943.

Msomaji atatazamia kwamba huko walilakiwa kwa shangwe. La. Walisajiliwa katika jeshi la Poland kama askari wa cheo cha chini kabisa, wakapewa maandishi madogo madogo ya kufumbua yasiyohusu Enigma. Huko Bletchley maelfu ya watu walikuwa wakisoma Enigma mchana na usiku, na aliyefungua mlango ule hakuitwa ndani. Hakuambiwa hata kwamba kazi yake inaendelea.

KIMYA CHA MIAKA MINGI

Vita vilipokwisha, Zygalski alibaki Uingereza. Rejewski alitaka nyumbani. Novemba 1946 alirudi Bydgoszcz kwa mkewe na watoto wake baada ya kutengana nao miaka saba. Andrzej alikuwa mtoto wa miaka kumi sasa. Furaha hiyo haikutimiza mwaka. Katika kiangazi cha 1947 Andrzej aliugua polio, akafa baada ya siku tano. Kila aliyemzika mtoto wake anajua kwamba hapo hapana hesabu iwezayo kumsaidia mtu.

Hakurudi chuo kikuu. Alipata kazi katika kiwanda cha nyaya za umeme mjini mwake. Kudura ina mambo yake: mtu aliyezijua waya zilizofichwa kuliko mtu yeyote duniani akawa msimamizi wa kuziuza. Polisi wa siri wa serikali mpya ya Kikomunisti walimtilia shaka kwa sababu alitoka Uingereza. Mwaka 1950 walishurutisha afukuzwe kiwandani. Wakaendelea kumchunguza kwa miaka mingi, wasipate kujua alichofanya kabla ya vita wala wakati wa vita. Angeweza kujitetea kwa kusema yeye ni nani. Hakusema. Akafanya kazi za uhasibu katika vyama vya ushirika mpaka alipostaafu mwaka 1967.

Mwaka huo huo wa 1967 ndipo alipoandika kumbukumbu zake, akaziweka katika taasisi ya historia ya jeshi. Mwaka 1973 Bertrand alitoa kitabu chake Ufaransa, na mwaka uliofuata siri ikatoka Uingereza pia. Baadhi ya vitabu vya mwanzo havikuwataja Wapoland kama ilivyostahili, na mzee Rejewski alitumia miaka yake ya mwisho akiandika makala na kujibu barua, kwa upole lakini kwa tarehe na hesabu, kuusimamisha ukweli. Mwaka 1978 serikali ya Poland ilimpa nishani.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwake Warsaw tarehe 13 Februari 1980, akiwa na miaka sabini na minne, akazikwa kwa heshima za kijeshi. Mwaka 2007 mnara wa wale vijana watatu ulisimamishwa Poznań, mji waliofundishwa.

Naam, maisha haya yana mafunzo mengi, lakini tutaje mawili tu. La kwanza ni kwamba Rejewski alikwama pale alipochukulia kwamba jambo ni gumu kuliko lilivyo, na alifungukiwa alipomfikiria mtu aliyelitengeneza. Kitu chochote kilichosukwa na mkono wa mtu kina tabia ya mtu ndani yake. La pili ni kwamba alitenda jambo kubwa akalinyamazia, na kimya hicho kilimgharimu kazi, cheo na jina. Wako waliopata sifa kwa kusimama juu ya mabega yake kabla dunia haijayajua mabega hayo ni ya nani.

Basi yule kijana wa Embu au Meru ainamiaye kibodi kuukuu, mita mkononi na kidaftari cha namba pembeni, asidharauliwe kwa kuwa ameketi katikati ya vyuma vya kutupwa. Afanyacho ni kile kile: kumuuliza maswali asiyeweza kusema, mara baada ya mara, mpaka aseme.